Arubaini Baada ya Operesheni: Mgonjwa wa Unene na Nyumba Yake Kwale

Mada yetu ni upasuaji wa kupunguza unene, ule ambao daktari huupunguza mfuko wa chakula ili mgonjwa ale kidogo na mwili uanze kushuka. Sitakaa sana katika chumba cha upasuaji. Humo mgonjwa hukaa saa chache tu, na waliomzunguka wanaijua kazi yao. Nitakaa katika wiki sita zinazofuata, ambazo karibu zote mgonjwa atazimaliza nyumbani, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewafundisha lolote. Ninachodai ni hiki: mtu wa Kwale akishatoka hospitali, usalama wake unategemea sana nyumba anayorudi, na nyumba zetu za pwani tayari zina utaratibu unaoweza kuibeba kazi hiyo, yaani arubaini ya mzazi, zile siku arubaini za kumtunza mama aliyejifungua. Lakini utaratibu huo una mambo machache ambayo, tukiyaacha yalivyo, yatamdhuru mgonjwa huyu, na hayo lazima tuyabadilishe kwa makusudi.

Wapo watakaouliza kwa nini tuzungumze unene katika kaunti ambayo bado ina watoto waliodumaa, na vijiji vya Kinango vinavyohangaikia maji kila kiangazi. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba njaa na unene siku hizi hulala nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopindukia. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 45. Kwa wanaume ilikuwa 19. Ongezeko hilo la miaka minane halikuletwa na matajiri peke yao. Sababu zake tunazipita kila siku pale Ukunda: viazi karai, bajia na chipsi kila hatua chache, mahamri ya asubuhi, soda baridi, na safari fupi ambazo zamani mtu alizitembea kwa miguu, sasa anapanda bodaboda. Nyuma ya unene huja kisukari, shinikizo la damu, magoti yaliyochakaa na figo zilizochoka. Ni kweli operesheni yenyewe ni ya wachache. Hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, hufanyika zaidi Nairobi, na baadhi ya Wakenya huifuata India au Uturuki. Lakini Diani kuna wafanyakazi wa hoteli wenye bima, kuna wafanyabiashara, na kuna kina mama wanaolipiwa na watoto wao walioko Ghuba na Ulaya. Wakishapasuliwa hawabaki huko. Wanarudi Kona ya Musa, Mwabungo, Milalani, na zahanati itakayowapokea usiku wakizidiwa ni hii yetu.

Operesheni zinazofanyika sana ni mbili. Katika ya kwanza daktari huondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha bomba jembamba. Katika ya pili, inayoitwa baipasi, hutenga kijifuko cha takriban mililita 30 sehemu ya juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Mizizi ya baipasi ni kazi ya daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, mwaka 1966. Zote mbili sasa hufanywa kwa matundu madogo ya ngozi, na mgonjwa huruhusiwa baada ya siku moja hadi tatu. Zisichanganywe na kunyonya mafuta chini ya ngozi, ambako ni kazi ya urembo na hakutibu kisukari. Kifo cha mwanamke aliyenyonywa mafuta jijini Nairobi, kilichoihuzunisha nchi Oktoba 2024, hakikutokana na operesheni ya mfuko wa chakula. Kuhusu upasuaji tunaouzungumzia hapa, ushahidi ni mwingi. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya wagonjwa 4,776 wa hospitali kadhaa za Marekani: ndani ya siku 30 walifariki asilimia 0.3, na takriban asilimia 4 walipata madhara makubwa. Miaka miwili kabla, Wasweden walikuwa wametoa matokeo ya wagonjwa 2,010 waliopasuliwa na wenzao 2,037 waliotibiwa bila kisu. Baada ya wastani wa karibu miaka 11 walikuwa wamefariki 101 upande wa kwanza na 129 upande wa pili. Operesheni inaokoa maisha, na sioni haya kusema hivyo mbele ya umma.

Lakini tuzisome takwimu hizo kwa makini. Ndani yake hamna kisu peke yake. Mna simu inayopokelewa saa nane za usiku, mna gari la wagonjwa linalofika mlangoni, mna maji ya bomba yasiyo na shaka, mna mtaalamu wa lishe anayempigia mgonjwa kila wiki. Hospitali ya Nairobi inaweza kuwa na daktari hodari kama wa Stockholm, na vifaa sawa na vyake. Haiwezi kumfungashia mgonjwa nyumba ya Stockholm arudi nayo Msambweni. Anayenukuu ile asilimia 0.3 kumshawishi mtu wa Kwale apasuliwe, bila kumuuliza atalala wapi na nani atamtazama, anamuuzia nusu ya dawa. Ile nusu nyingine tunapaswa kuitengeneza wenyewe, na hatuanzi mikono mitupu.

Fikirini jinsi mzazi anavyotunzwa hapa pwani. Kwa siku arubaini hateki maji, hapigi deki, habebi chochote kizito. Kuna mtu mmoja anayejulikana, mama yake, shangazi au mkunga, ambaye kazi yake ni yeye tu. Chakula chake ni tofauti na cha nyumba nzima na hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Wageni huja, lakini huja kwa utaratibu. Na mlezi ana mamlaka: akisema mzazi apumzike, hata mume hutii. Sasa tazameni anachohitaji mtu aliyepasuliwa mfuko wa chakula. Anahitaji wiki nne hadi sita bila kubeba mzigo, chakula kinachopanda ngazi wiki kwa wiki, jicho la mtu mmoja asiyechoka, na mamlaka ya kuzuia yasiyofaa. Ulingano huo ndio msingi wa hoja yangu. Mhamasishaji wa afya ya jamii akiingia boma na karatasi ya maagizo ya Kiingereza, itaishia chini ya godoro. Akisema, "Mama, huyu yuko arubaini," nyumba nzima inajua la kufanya, na kilichobaki ni kuwaonyesha tofauti.

Tofauti ya kwanza ni maji. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini katika wiki za mwanzo, hata katika nchi za baridi. Hapa kwetu, msimu wa kaskazi, mtu hutoka jasho akiwa ameketi tu barazani. Mgonjwa anahitaji angalau lita moja na nusu kwa siku, na hawezi kunywa gilasi nzima kwa mkupuo. Akijaribu atahisi kifua kimebanwa, kisha atatapika. Hesabu yake ni hii. Chukueni kikombe kidogo cha kahawa chungu, kile cha muuza kahawa wa jioni, mkijaze nusu tu, kama mililita 30. Nusu kikombe kila robo saa, mara 50 kwa siku, ni lita moja na nusu. Mara 50 ni zaidi ya saa kumi na mbili bila kusahau, na hakuna mgonjwa mwenye maumivu na usingizi wa dawa atakayeziweza bila mtu kando yake. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mlezi katika siku 14 za mwanzo, kubwa kuliko kupika. Maji yachemshwe au yatiwe dawa bila kusamehewa. Mfuko uliopunguzwa, tena pamoja na vidonge vya kupunguza asidi ambavyo wagonjwa wengi hupewa, hauna tena asidi ya kutosha kuua vijidudu, na maji ya kisima ambayo nyumba nzima imeyazoea yanaweza kumuangusha yeye peke yake. Madafu yanafaa kwa kumeza kidogo kidogo, yakichanganywa na maji, ila asipewe mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu yana potasiamu nyingi. Soda, hata ile isiyo na sukari, iachwe, kwa kuwa gesi yake hutanua mfuko ulioshonwa. Na mgonjwa asinywe pamoja na chakula. Asubiri kama nusu saa baada ya kula.

Chakula nacho hupanda kwa ngazi. Siku za kwanza ni vitu vyepesi vinavyopita bila kutafunwa: maji, supu ya samaki iliyochujwa, chai nyepesi isiyo na sukari. Kisha, hadi mwisho wa wiki ya pili, maziwa, maziwa lala, mtindi usiotiwa sukari, supu nzito kidogo isiyo na vipande. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichopondwa kikawa laini kabisa. Wiki ya tano na ya sita ni kilaini kinachotafunwa polepole. Daktari wa kila mgonjwa anaweza kusogeza siku hizi mbele au nyuma, na neno lake ndilo la kufuatwa. Kisichobadilika ni protini: gramu 60 au zaidi kila siku, kwa sababu mwili unaopungua upesi hula misuli yake ukikosa protini. Yai moja lina gramu sita hivi, kikombe cha maziwa kama nane, samaki wa gramu 100 karibu 20. Hapa Kusini mwa Pwani tuna utajiri ambao mtu wa jijini anaununua ghali. Changu au tafi aliyeshuka ngalawani Gazi au Mwaepe asubuhi, akachemshwa kwa chumvi kidogo na ndimu, akatolewa miiba yote na kupondwa kwa mgongo wa kijiko, ni chakula bora cha wiki ya tatu kuliko unga wa kopo ulioletwa kwa ndege. Mbaazi zilizoiva sana, zikachujwa maganda, zinafaa wiki ya nne. Tui zito na samaki wa kukaanga visubiri, kwa kuwa mafuta mengi humletea kichefuchefu. Pweza asubiri zaidi. Hata akichemshwa mpaka jioni, nyuzi zake zinaweza kuziba njia nyembamba. Mkate mweupe na ugali mkavu hufanya kama donge, na wengi huvitapika miezi ya mwanzo.

Sasa yale ya kuondolewa. Katika arubaini ya mzazi tumbo hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa leso ikabana barabara. Tumbo lililoshonwa ndani lisikandwe kamwe, na lisifungwe kitu cha kubana ambacho daktari hakukiagiza. Mzazi hupewa uji wenye pilipili manga nyingi, huyu asipewe. Mzazi huhimizwa ale ashibe ili nguvu na damu zirudi. Huyu akihimizwa hivyo, mishono ndiyo itakayolipa, kwa hiyo akisema amefika, hata kama ni vijiko vitatu, sahani iondolewe na asibembelezwe. Mzazi hulazwa. Huyu lazima atembee tangu siku ileile ya upasuaji, kila baada ya saa moja au mbili mchana, hata kama ni kutoka chumbani hadi mlangoni na kurudi. Damu inayolala miguuni huganda, na bonge likipanda mapafuni huua ghafla. Ni miongoni mwa sababu kuu za vifo katika mwezi wa kwanza. Naweka uzito hapa kwa sababu kulala ndiyo huruma yetu ya kwanza kwa mgonjwa, na kumwamsha mtu aliyepasuliwa jana huonekana ukatili. Mlezi avumilie kuonekana hivyo. Katazo la kubeba mizigo libaki palepale kwa arubaini nzima: mtungi wa lita 20 una kilo 20, na hata mtoto wa mwaka mmoja ni mzito kupita kiasi kwa wiki hizo. Mwenye kazi ya mezani anaweza kurudi baada ya wiki mbili hivi. Anayegeuza magodoro hotelini au anayeinua sufuria za jikoni asirudi kabla ya wiki ya nne au ya sita, na mwajiri wake aambiwe hivyo kwa barua. Kuoga baharini kusubiri mpaka vidonda vifunge kabisa.

Wageni wanastahili neno lao. Ustaarabu wetu ni kwenda kumjulia hali mgonjwa, na mkono mtupu ni aibu. Kwa hiyo huja pilau, huja mahamri ya iliki, huja juisi ya maembe yenye sukari. Pamoja na chakula huja maneno: mbona umekonda hivi, mbona uso umeingia, wewe kula bwana usituvunje moyo. Hapa kwetu kukonda haraka husomwa kama ugonjwa mbaya, na mtu anayepungua kilo kadhaa mwezi wa kwanza, jambo lililotarajiwa na daktari wake, hujikuta akitetea afya yake mbele ya jirani. Baadhi huvunjika moyo. Baadhi hula ili wasemwe vizuri. Mlezi apokee chakula kwa shukrani na kukipeleka jikoni, na aseme mapema, kwa sauti ya wote kusikia, kwamba daktari amezuia. Familia inayoificha operesheni kwa kuogopa maneno hujinyima kinga hii. Siwalaumu wanaoificha, ila nawaomba angalau watu watatu wajue: mlezi, mhamasishaji wa afya wa eneo lao, na muuguzi wa zahanati iliyo karibu.

Watu hao watatu ndio watakaoona hatari kabla haijawa kilio. Mshono ukivuja ndani, mara nyingi dalili ya mwanzo huwa ni moyo kwenda mbio, mapigo yanayozidi 120 kwa dakika na kubaki hapo mgonjwa akiwa ametulia. Homa, maumivu makali ya tumbo, maumivu ya bega la kushoto na pumzi fupi huandamana nayo au hufuata. Ubaya ni kwamba sisi tuna jina rahisi kwa kila maumivu ya sehemu ile: ni gesi, ni asidi, ni vidonda vya tumbo, mpe dawa ya duka. Kwa mgonjwa huyu, katika wiki hizi, jina hilo lisitumike kabla daktari hajamwona. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla, ni bonge la damu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuhesabu mapigo hakuhitaji mashine: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa ya simu, dakika nzima. Wahamasishaji wa afya waliozinduliwa rasmi nchini kote Septemba 2023 walipewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari na cha joto, basi wapite kwa mgonjwa huyu kama wanavyopita kwa mzazi. Na familia ipange njia kabla ya haja. Kutoka Msambweni hadi Likoni ni mwendo wa barabara ndefu, na kivuko kina foleni yake. Njia ya Dongo Kundu sasa inampitisha mtu hadi Miritini bila feri. Swali la gari la nani, dereva nani, na hospitali ipi Mombasa yenye daktari wa upasuaji usiku, lijibiwe siku mgonjwa anapofika nyumbani. Hata safari ya kurudi ipangwe: basi la usiku kutoka Nairobi siku moja baada ya kuruhusiwa ni kumkalisha mtu zaidi ya saa nane, miguu imekunjwa, katika siku ambazo damu yake iko tayari kuganda.

Kuna hatari moja ambayo naiogopa hapa kuliko kwingine, na ni rahisi kuizuia. Mwili huweka akiba ya vitamini B1 ya wiki mbili tatu tu. Mgonjwa anayekula kidogo akiimaliza, hasa akiwa anatapika, ubongo ndio unaoumia: macho hucheza au huona vitu viwiliviwili, mwendo huyumba, maneno huchanganyika. Hali hiyo ikicheleweshwa siku chache, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Elimu yake ilianzia mbali. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona huko Java kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na wakipona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Sasa fikirini chakula tunachompikia mgonjwa yeyote hapa pwani: uji wa mchele mweupe. Na fikirini tafsiri tutakayompa mtu anayepepesuka na kuweweseka mwezi mmoja baada ya kurudi kutoka safarini. Tutasema amepandwa na pepo, au ametupiwa kitu na wenye husuda. Atasomewa, atafukizwa, atapigiwa ngoma, na zile siku chache za kuokoa ubongo wake zitakwisha. Dua haina ubaya na haimzuii mtu kwenda zahanati, aombewe njiani. Zahanati nayo ina mtego wake, kwa sababu mgonjwa aliyetapika sana hutundikiwa dripu ya glukosi, na glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kuharakisha madhara yenyewe. Kwa hiyo kanuni kwa kila muuguzi kutoka Kinondo hadi Lunga Lunga ni fupi: aliyepasuliwa mfuko wa chakula, akitapika siku mbili tatu mfululizo, apewe sindano ya B1 kwanza, kisha dripu. Dawa hiyo ni ya bei nafuu. Kosa hapa haliwezi kusingiziwa umaskini.

Dawa nyingine zinahitaji uangalifu uleule. Brufen, diclofenac na vidonge vya dukani vyenye aspirini huweza kuleta vidonda kwenye mshono, hasa wa baipasi, basi kwa maumivu ya kawaida atumie Panadol. Sukari ya mwenye kisukari huanza kushuka siku za mwanzo tu, kabla hata nguo hazijalegea, kwa hiyo akiendelea na dozi ileile ya insulini anaweza kuzimia usingizini. Vidonge vya shinikizo la damu, hasa vile vya kumfanya akojoe, navyo vikaguliwe upya kabla hajaondoka hospitali. Sigara, muguka na mnazi viachwe, na sina haja ya kueleza zaidi. Mwanamke ambaye hedhi yake ilikuwa imepotea kwa sababu ya unene anaweza kushika mimba upesi kuliko anavyodhani, ilhali madaktari hushauri asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemewa baada ya baipasi, hivyo ni vyema sindano, kipandikizi au koili ipangwe mapema. Na Ramadhani ikiangukia katika miezi ya mwanzo, hesabu ya ule nusu kikombe inatosha kuonyesha kwa nini asifunge. Mgonjwa ana ruhusa ya dini yake, atalipa siku zake daktari akimruhusu.

Kuna pingamizi linalotoka mahali pengine. Wengine husema huu ni uvivu, mtu afunge mdomo atembee, na wengine husema ni kuchezea umbile la Mungu. Kwa hao wa kwanza, utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba mwili wenye unene uliopindukia huutetea uzito wake: ukipunguziwa chakula huongeza homoni za njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, na ndiyo maana wengi waliopungua kwa kujinyima hurudia uzito wao ndani ya miaka michache. Operesheni hubadilisha homoni hizo. Haimwondolei mtu kazi. Baada ya kila nilichokieleza, anayeuita uvivu angejaribu kunywa kwa nusu kikombe mara 50 kwa siku. Kwa hao wa pili, tofauti ya tiba na urembo wanaijua. Aliyetolewa kidole tumbo hakuambiwa amechezea umbile lake, na mwenye kisukari kinachomla figo anatafuta tiba vilevile. Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kazi hii ni ya hospitali iliyopokea pesa, si ya shangazi wala ya zahanati ya serikali. Nalikubali kwa sehemu. Hospitali inayopasua na kumwachia mgonjwa namba ya simu isiyopokelewa imefanya kosa, na mgonjwa ana haki ya kudai miadi, maagizo kwa lugha anayoisoma, na daktari wa kumjibu. Lakini mapigo ya moyo yatahesabiwa na aliye chumbani. Tukingoja hospitali za mbali zijirekebishe, atakayelipa ni mgonjwa wa mwezi huu.

Ninapendekeza basi mambo manne kwa kaunti na kwa familia, na yote yawezekana kwa mfumo tulio nao. Mgonjwa arudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili: aina ya operesheni, tarehe, dawa zilizobadilishwa, dalili za kukimbilia hospitali, kanuni ya B1, na namba ya daktari inayopokelewa. Nakala moja ikae zahanati, nyingine kwa mhamasishaji, na ya tatu ibandikwe ukutani jikoni, mlezi aione kila anapochemsha maji. Mhamasishaji apite siku ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki mpaka wiki ya pili iishe, kisha kila wiki hadi ya sita, akiandika mapigo, joto, shinikizo na kiasi cha maji. Arubaini ikiisha, ulinzi wa mlezi uhamie kwa mgonjwa mwenyewe, aanze kupika chake, kupima vyake, na kumeza vidonge vya vitamini ambavyo hataviacha maisha yake yote. Ikifika miezi mitatu, damu yake ichukuliwe katika hospitali ya rufaa ya Msambweni: wingi wa damu, madini ya chuma, sukari, figo, na B12 hata kama sampuli italazimika kupelekwa Mombasa. Majibu yatumwe kwa daktari aliyempasua, awe Nairobi au Chennai, na nakala ibaki kwenye faili yake hapa.